Ruhusa ya Kuhamia Kampemba

Mama Odette,

Nakuandikia nikiwa bado Katuba, kwenye meza yetu, ila vitabu vimeshafungwa na karatasi hii nimeiomba kwa jirani. Sitakuchosha. Kuna nyumba inauzwa Kampemba, ya ghorofani, yenye vyumba viwili vya kulala, imekarabatiwa yote, na nimekubali kwenda kuishi humo. Nilitaka uyasikie kwangu, kwa mpangilio, kabla kaka yako hajaja kaburini kukusimulia kwa namna yake.

Kwanza habari za hapa. Baa ya nyuma ya ukuta imeongeza spika, na sasa muziki wake unaingia mpaka ndani ya sufuria. Mvua za mwaka huu zilikula tena kona ya choo. Dada zako walikuja wakagawana vitenge vyako kama ilivyo desturi, bila ugomvi, isipokuwa kile cha kijani ambacho kila mmoja alisema ulimuahidi yeye. Cherehani ilikwenda kwa Odette. Mkasi wako mkubwa ulibaki kwangu kwa sababu hakuna aliyeuona. Nautumia kukatia kamba za vitabu. Pascal, mdogo wake, yuko bado Ndola, anapiga simu, anazungumza haraka kama mtu anayekimbilia gari.

Ni wao wawili walioleta habari ya nyumba. Odette aliiona kwa sababu iko karibu na duka la dawa anapofanya kazi. Walikubaliana, yeye na mdogo wake, kwamba lupango yetu, kiwanja na nyumba yake, iuzwe na ile nyumba inunuliwe. Walitarajia nibishe. Walikuja wamejiandaa, Odette ana kwa ana na Pascal kwenye simu, na sababu zao: magoti yangu, choo cha nje, baa. Nilisema ndiyo kabla hawajamaliza sababu ya pili. Odette alinitazama kama mtu aliyesukuma mlango ambao haukuwa umefungwa.

Wewe ungeelewa. Kambove tuliondoka kwa sababu shimo la mgodi lilikuwa linakuja. Wakapaka alama nyekundu kwenye milango, na mtaa mzima ukahesabika kuwa njia ya malori. Likasi tuliondoka kwa sababu nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi iliisha. Pale tulipofikia kwanza hapa mjini tuliondoka kwa sababu ya barabara. Kila mara ulifunga sufuria mwisho, kila mara uliuacha ufagio nyuma ya mlango, ukisema ufagio hauhami na mwenyewe. Kila mara nilibeba vitabu vyangu nikakuta vichache zaidi upande wa pili. Nimesoma sana habari za watu waliohama: waliovuka mito, waliofuata ng'ombe, waliokwenda kutafuta chumvi. Siku moja nikagundua kwamba mimi simo katika habari hizo. Nimehamishwa mara nyingi. Kuhama sijawahi. Nilitaka, kabla ya kuja huko uliko, kuondoka mahali kwa sababu nimependa kuondoka.

Shida ilikuwa moja, na unaijua. Ndugu zako walikuwa hawajanitosha lufu, yaani hawajanitoa mauti yako. Tangu tukuzike hakuna wa upande wenu aliyenipaka unga na kuniambia niko huru. Mfiwa asiyetolewa mauti bado amembeba mwenzake mgongoni. Haoi, haanzi shamba, haachi nyumba ambamo kifo kiliingia. Padri anasema mambo hayo yamepita. Odette anasema kama padri, lakini alikuwa wa kwanza kuniuliza: "Papa, na mjomba anasema nini?"

Mjomba alikuwa hasemi kitu. Kunda, kaka yako, alikuja kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa, kama zamani, akala bukari na mboga, akanitukana, akaenda. Nikigusia suala la unga, alitazama saa. Nikamwambia basi, twende pamoja ukaione hiyo nyumba, halafu useme. Alikubali upesi mno, na hilo lilinitia wasiwasi.

Nyumba yenyewe iko kwenye barabara fupi yenye mijakaranda, jengo la matofali la enzi ya Wabelgiji, ghorofa ya pili. Ni mtaa mtulivu kwa kweli. Nilipofika nilisimama nje nikasikia mtu akifunga dirisha upande wa pili wa barabara, na sauti ile ilifika kamili, mwanzo wake na mwisho wake. Sikumbuki lini nilisikia mara ya mwisho kitu kidogo kikiisha.

Alitupokea komisionere, yaani dalali wa nyumba, kijana wa makamo aitwaye Trésor, mwenye viatu vilivyong'arishwa. Wazazi wake ni watu wa Kasai, yeye amezaliwa hapa hapa. Alitushika mikono yote miwili, kwa heshima, akatupeleka kwenye ngazi.

Kaka yako alianzia hapo hapo, ngazi ya kwanza.

"Weye chui, unatafuta fasi ya kufia juu? Hapa chini hapakutoshi?"

Nilimjibu kwamba chui hupanda, mbuzi ndiye hukaa chini akisubiri kuliwa.

"Panda, panda. Sanduku yako itapita wapi mu hii kona? Tutakushusha na kamba ku dirisha, sawa vile frigo."

Trésor alicheka kidogo, kwa adabu, akidhani ni utani wa mara moja. Alifungua mlango. "Muangalie, ba papa. Shambre mbili, saloo, kwizini, dushi iko ndani. Byote iko mupya. Na kimya. Hata imbwa ya hapa inaomba ruhusa mbele ya kulia."

"Kama imbwa hailie," akasema Kunda, "nani atatujulisha kama huyu muzee ameoza?"

Kijana wa watu akaacha kucheka.

Nikueleze nyumba, kwa sababu wewe ungeuliza mambo, si kama kaka yako. Jua la asubuhi linaingia jikoni, si sebuleni. Maji yana tangi juu ya paa. Wametandika vigae vyeupe kila mahali na kuifunika ile sakafu ya simenti nyekundu waliyokuwa wakiing'arisha zamani. Kipande chake nilikiona bado kwenye kizingiti cha balkoni, kama sentimita kumi, na nadhani walikisahau. Dari wameishusha, bila sababu ninayoijua. Milango mipya ni myepesi, ukiigonga inatoa sauti ya boksi. Madirisha ni ya zamani, ya chuma, na ndiyo mazuri kuliko vyote. Chumba kimoja kinatazama barabara, kingine kinatazama ua wa nyuma wenye kamba za nguo. Si nyumba nzuri sana. Ni nyumba nzima, na hakuna alama nyekundu mlangoni.

Kunda alikuwa anapima. Alisimama katikati ya saloo akanyoosha mikono, akageuka, akahesabu kwa midomo. "Na kilio? Bantu batakaa wapi? Bamama bote ba Katuba, na masufuria, na mbabula ya makala? Tutabaweka mu dushi?" Kisha akalala. Ndiyo, Mama Odette, alilala chali kwenye vigae, na suruali yake ya misa, akaniambia nilale pembeni yake tuone wafiwa wangapi wataingia kabla ya mlango kushindwa kufunguka. Nilikataa kwa sababu ya magoti. Akasema chui mzee hata maiti hawezi kuigiza.

Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mwenye taulo kichwani, alichungulia. "Ba papa banapigana?"

"Hapana, mama," nikasema. "Ni shemeji yangu."

Hiyo haikumtuliza.

Hapo Trésor alinivuta balkoni. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Akaninong'oneza kwamba samahani kuingilia mambo ya familia, lakini yeye amefanya kazi hii miaka, na mtu anayekuombea kifo namna hii hununui nyumba mbele yake. Alikuwa tayari kunirudisha siku nyingine, peke yangu, bila kunitoza kitu. Alisema, "Papa, huyu muzee hakupendi."

Nilimweleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Nilimwambia sisi watu wa kule Kambove tuna bunungwe: ukoo na ukoo wanatukanana kwa haki, na walio wa utani huo ndio wanaozikana. Mke wangu alikuwa wa ukoo wa mbuzi, mimi wa chui. Siku ya kwanza alipokuja shuleni kumwandikisha mtoto wa dada yake aliniuliza ukoo wangu, aliposikia akavuta kiti changu akakikalia, akasema chui hakai kwenye kiti. Nilimwandikisha mtoto yule nikiwa nimesimama, na walimu wenzangu wanacheka. Nikamwambia Trésor kwamba kwenye kilio cha mke wangu kaka yake alikaa ukingoni mwa kaburi kabla halijafunikwa akadai bia, la sivyo dada yake hazikwi. Na kwamba bila neno la mtu huyu aliyelala kwenye vigae vyake, hakuna nyumba nitakayoingia.

Alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza: "Sasa neno lenyewe atalisema lini?"

Lilikuwa swali zuri. Nilimwambia sijui.

Tuliporudi ndani Kunda alikuwa ameinuka. Umri umemfikia naye; aliinuka kwa kushika ukuta, kwa kiganja kizima, akabaki ameegemea hapo akihema. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi siku chache tu, rangi ile nyepesi ya maji ambayo ikikauka inaacha unga. Alipoondoa mkono, kiganja kilikuwa cheupe chote, mpaka kwenye mistari.

"Rangi gani hii inatoka mu mukono?" akasema.

Trésor alianza kujieleza. Kunda hakumsikia. Aliutazama mkono wake muda mrefu, mrefu kuliko mtu anavyotazama uchafu. Nilimwona usoni. Unajua uso ule, Mama Odette, ulikuwa nao pia. Ule wa mtu aliyejiandaa kusema jambo na akasikia mwingine amelisema kabla yake. Kisha akaja mbele yangu akaniweka kiganja kwenye paji la uso, akakivuta kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kwa nguvu kidogo, kama anayefuta ubao.

"Chui, toka," akasema. "Mbuzi amekuachilia. Lufu imetoka. Enda fasi unapenda."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Trésor akasogea haraka. Masikini, alidhani tunalalamika juu ya rangi. Alitoa leso, akaomba msamaha kwa niaba ya fundi, akaapa kwamba ukuta utapakwa mara ya pili mbele ya siku ya posho, yaani kabla ya Jumamosi, na rangi nyingine, nzuri zaidi. Alitaka kunifuta. Kunda akamshika mkono: "Achia. Atatembea nayo mpaka mangaribi."

Nilitembea nayo. Nilirudi Katuba na paji jeupe, na hakuna aliyeniuliza. Mzee mwenye chokaa usoni anaonekana tu kama mzee aliyekuwa anapaka ukuta wake.

Odette hakuridhika. Nilipomsimulia alisema: "Papa, ile ilikuwa kuseka tu. Lufu haitoke na rangi ya ukuta." Alitaka mambo yafanywe sawasawa: unga wa kweli, wazee wa pande zote, na dua. Alisema akinunua nyumba juu ya mzaha, baadaye ukoo wenu utasema mimi nilitoroka na marehemu wao. Nilimwambia kwamba kwa mbuzi na chui mzaha ndiyo muhuri wenyewe, kwamba kitu wasichoweza kukitania hawakikubali. Niliyasema kwa uthabiti. Ndani sikuwa na uthabiti huo. Niliogopa ameniaibisha tu mbele ya dalali, na kwamba nitakwenda Kampemba kama nilivyokwenda kila mahali, nikisukumwa, safari hii na watoto wangu wenyewe.

Kwa hiyo Odette alimpigia mjomba wake, mbele yangu, sauti ikiwa wazi. Alimuuliza bila kuzunguka kama siku ile alitania au alinitosha lufu.

 Kaka yako akasema, na nayaandika kama nilivyoyasikia: "Mutoto wangu, nikuambie kweli. Nilienda kule kwa kukatala. Unga ya kumupaka baba yako iko mu kabati yangu tangu zamani, nilisema sitaitosha. Juu kama lupango inauzishwa, miye siku ya Mungu nitaenda kutukana nani? Dada yangu alifia pale. Njo pale nilikuwa nakuja kumusikia. Nilikuwa nimeshaweka maneno yote ya kukatala mu kinywa, na hata kulala nililala chini, bule tu, juu ya kumukatisha tamaa. Sasa naamuka, na mukono yangu iko mweupe. Unga niliificha miye, ukuta ya bantu inanipa. Miye ni nani wa kugombana na ukuta?"

Odette akamuuliza kama basi ni kweli.

"Ni kweli. Na umuambie chui asijifanye anafurahi. Namujua."

Odette alifunga simu akaenda nje, akakaa kwenye ngazi ya jiko, mahali pako. Sikumfuata. Aliporudi alisema tu kwamba kesho atakwenda kwa mthibitishaji na karatasi za lupango.

Kwa hiyo nimeachiliwa. Nakueleza ilivyo, bila kuongeza. Usiku ule nililala vizuri, nikaamka na wepesi mgongoni, na wepesi huo sikuupenda. Nilikaa kitandani nikiutafuta uzito wako kama mtu anayetafuta miwani. Haukuwepo. Nilidhani desturi hizi ni lugha tu, namna ya kusema jambo ambalo limeshatokea kaburini. Nimekosea. Kuna kitu kilitokea kwenye ukuta ule ambacho hakikutokea kaburini, na sina kitabu cha kukitafutia jina lake.

Kunda anasema atakuja Kampemba kila siku ya Mungu kama kawaida, na kwamba atapiga kelele kwenye ngazi mpaka majirani waombe yeye ndiye apewe nyumba. Trésor alipakisha ukuta mara ya pili. Nilipokwenda kukagua nilipitisha kidole ukutani na hakikutoka kitu. Ni kazi safi. Nilimshukuru.

Jana Odette alinisaidia kufunga vitabu vya mwisho akaniuliza chumba cha pili nitakitumiaje. Aliuliza polepole, akikunja gazeti ambalo halikuhitaji kukunjwa. Nilijua anachouliza. Alitaka niseme tutaweka humo kitanda chetu, na picha yako, na zile sufuria, ili awe na mahali pa kuingia akija kunitazama.

Nilimwambia sitafanya hivyo, na nakwambia wewe pia, ili kusiwe na neno kati yetu. Kitanda tumempa mtoto wa jirani anayeoa. Picha atakaa nayo Odette. Sufuria ninazihitaji. Chumba kile hakitakuwa chako, Mama Odette. Mimi na wewe tulikaa muda mrefu kwenye nyumba za watu wengine, na hatukuwahi kuwa na chumba cha mgeni. Mgeni alilala na watoto, au sisi tulilala chini. Chumba cha pili kitakuwa cha mgeni. Kitakuwa na godoro, ndoo, msumari wa kutundikia nguo, na hakitakuwa na vitabu.

Sasa nakuaga. Nimekuita mke wangu muda mrefu, na kaka yako ameniambia basi. Sitabishana na ukuta, mimi pia. Nenda kwa wenzako. Ahadi yangu ni hii, na ni ndogo kwa makusudi, ili niitimize: chumba kile sitakifunga kwa ufunguo. Ukipita Kampemba, usipite kama mwenye nyumba. Gonga. Nitauliza ni nani, kama ninavyomuuliza kila mtu, nitakuletea maji ya kunywa, na nitakuuliza habari za njia.

Baba Odette